Somo wa Mtoto wa Bi Zamda

Sogeeni. Hadithi hii ina mwisho unaokaba koo, na koo hilo ni lenu, si la msimuliaji.

Pale Kwamgogo palikuwa na vijana watatu, kila mmoja na kipaji cha kutisha. Mshamu alimsikia sisimizi akitembea kilima cha pili. Nuruana alikimbia mpaka kivuli chake kikaomba lifti. Hatibu aliinua lori kama wewe unavyoinua sahani ya wali, na sahani ndiyo kazi nzito pekee unayoijua.

Enzi za simu walikuwa mastaa. Mtu akikwama anapiga, wao wanafika, wanarekodiwa, nchi nzima inawapigia makofi kwa kidole gumba. Halafu siku moja jua likatema moto wa ajabu, minara ikaungua, simu zote zikawa vigae. Makofi yakakatika. Ndipo watatu hao walipogundua kwamba hawakuwa na rafiki hata wa kuwaazima chumvi.

Nuruana alifika kila mahali kabla ya watu, kwa hiyo hakuna aliyetembea naye. Hatibu hakupewa mkono, maana kila mtu alivipenda vidole vyake. Na Mshamu, maskini, alikaa barazani akiusikia mji mzima: masufuria yakikwanguliwa, watoto wakitekenywa, wachumba wakinong'onezana uongo. Majina yote yaliitwa. Lake halikuitwa.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, akasikia mtu akigumia shambani ng'ambo ya mto. Alikuwa Bi Zamda. Uchungu wa uzazi ulimkuta kwenye mihogo, peke yake. Mshamu akakimbia kuwatafuta wenzake.

"Nuruana, kamlete Mama Sauda mkunga. Yuko Mkongeni."

"Mkongeni ni wapi?"

"Unaushinda upepo, halafu hujui Mkongeni?"

"Simu ndiyo ilikuwa inanielekeza. Usinicheke, bwana."

Mshamu akatega sikio. "Shuka na bonde mpaka usikie kinu. Anayetwanga huku anaimba vibaya, ndiye huyo."

Nuruana akapotea, akarudi, akapotea tena, akampata. Alimleta mgongoni.

"Nishushe taratibu, mwanangu," alisema Mama Sauda. "Roho yangu bado iko njiani."

Mto nao ulikuwa umefura, daraja limekwenda na maji. Hatibu akaingia mpaka kifuani, akasimama katikati na gogo begani, maji yakimpiga kama mwizi wa kuku. Mkunga akapita juu yake. Hatibu hakutoka mpaka walipovuka kurudi, safari hii na kichanga.

Mama Sauda alisema wazi: angekosekana mmoja wa hao watatu, angezika wawili, mama na mtoto.

Siku ya kumpa mtoto jina ikafika. Kwamgogo wana mila yao: mtoto aliyeokolewa hupewa jina la mwokozi wake, moja tu, na huko jina halina sketi wala suruali. Mwenye jina huwa somo wa mtoto. Nyumba ile ni yake, sahani yake huwekwa hata asipokuja, na jina lake huitwa humo kutwa.

"Mlipovuka nilimshika kwa mkono mmoja," alisema Hatibu, akivitazama vidole vyake. "Hakulia."

"Mama Sauda alinikumbatia shingo njia nzima," alisema Nuruana. "Sijawahi kukimbia na mtu."

Mshamu akafungua kinywa. Akawaza jina lake likiitwa kutoka jikoni, chakula kimeiva, naye akiitika. Lakini masikio yake hayana adabu. Akausikia moyo wa Hatibu, akausikia wa Nuruana, yote miwili ikidunda kama wake. Akakifunga kinywa.

"Wanangu," alisema Bi Zamda, "mtoto ni mmoja."

Mpaka sasa amempakata, hajamwita kitu. Haya, nyie mnaojifanya majaji, mbona mnakodoa macho? Mtoto aitwe nani, na hao wawili watakaobaki, jioni wakale kwa nani?