Kwa Nini Ndugu wa Marehemu Hutangulia Kushuka Kaburini

Wakati ardhi ilipokuwa bado haijampokea mtu hata mmoja, watu wa milima ya Ngelua hawakujua kaburi. Mtu akifa, ndugu zake walimla. Msishtuke mapema. Hawakumla kwa njaa wala kwa uadui. Walimla huku wakilia, kila mmoja kipande kidogo. Waliamini kwamba ardhi ni baridi na haina mwenyeji, na kwamba marehemu akiachwa humo atatetemeka milele. Tumbo la ndugu lina joto. Kwao, kumla mtu wako kulikuwa kumkaribisha ndani.

Nambeo, mjane mmoja wa huko, naye aliamini hivyo. Alikuwa amemla mama yake kwa shukrani, na kila alipovuna vizuri alijipapasa tumbo na kusema, "Mama, umeona?"

Kisha binti yake, Sihaba, akafa kwa homa.

Desturi ilimtaka mzazi awashe moto mwenyewe. Asubuhi, baridi ya mlimani ikiuma, ndugu walikusanyika uani. Nambeo akapiga magoti mbele ya mafiga, akavuta pumzi ili apulize makaa, na pumzi ikakataa kutoka. Akamtazama mtoto juu ya mkeka. Nyusi zile, vidole vile! Katika wote waliokuwa pale, hakuna aliyevitengeneza. Hata yeye alivibeba tumboni bila kujua vilivyokuwa vikifumwa. Hofu kubwa ikamshika, si hofu ya maiti, bali hofu ya mtu anayegundua kwamba alichokishika kina mwenyewe. Akayamwagia makaa maji.

"Shemeji!" alifoka Mkaita, ndugu wa marehemu mumewe. "Umerukwa na akili? Unataka mtoto wetu alale nje kama mbuzi aliyepotea?"

"Mungu alinipa mzima," alisema Nambeo. "Simrudishii vipande."

"Na baridi je? Huko chini utamfunika na nini, na maneno yako?"

Hilo lilimchoma. Ikiwa Mkaita alisema kweli, basi yeye, mama mtu, alikuwa anamtupa binti yake kwenye baridi isiyokwisha. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba mpaka shimo likamfika kifuani. Hakuna aliyemsaidia. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba uchungu umemla Nambeo kabla yeye hajala.

Shimo lilipokuwa tayari, hakumshusha mtoto. Alilala humo yeye kwanza, chali. Juu, umande ulikuwa bado unauma. Chini kulikuwa na kimya ambacho hakuwahi kukisikia, na udongo ukampokea mgongo, vuguvugu, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

"Kuna joto," alisema.

"Uongo wa mama huo," alisema Mkaita. "Toka, nione mwenyewe."

Akashuka akinung'unika, akalala. Manung'uniko yakakatika. Walimngoja atoke, hakutoka. Shangazi akachungulia.

"Wewe baba, ndiyo umesinzia?"

Mkaita hakuwa amesinzia. Machozi yalikuwa yakimtiririkia masikioni. Akajiinua akakaa, akanyoosha mikono juu.

"Nipeni mtoto," alisema. "Nimpokee."

Nambeo akamshusha Sihaba mikononi mwa baba yake mdogo, mzima, kama alivyopewa.

Na tangu asubuhi ile watu wa Ngelua hawali wafu wao. Awe mzee au kichanga, mmoja wa damu yake hutangulia kushuka kaburini, huweka kiganja chini, kisha huinua mikono ampokee. Wanaosimama juu hunyamaza kabisa wakimtazama usoni, maana hakuna mwingine wa kuwaletea habari za huko. Nawe siku ukiombwa kushuka, shuka. Usikimbilie kutoka.