Kofia Moja na Uzi wa Jua

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani hii ya plastiki, alikuwako Bi Mize, mshona kofia za viua, zile za vitundu vinavyodariziwa kwa sindano. Jirani akajenga ukuta mrefu, dirisha lake likaziba. Koroboi ikamtoa machozi, sindano ikamchoma vidole, wateja wakaanza kumkimbia. Nasikia jirani huyo alimposa akakataliwa, lakini mimi simo.

Bi Mize akawaita watoto watatu wa kaka yake. "Atakayeniletea jua mpaka kwenye sindano, nitampa kofia niliyomshonea marehemu mume wangu. Hajaivaa mtu."

Makame akayeyusha plastiki angavu, akaivuta kama ulimbo wa fenesi, ikawa uzi mrefu. Akaupitisha juu ya ukuta, ncha moja juani, nyingine chumbani. Uzi ukang'aa njia nzima. Watu wakapiga vigelegele.

"Mnashangilia nini?" Bi Mize akauliza kutoka ndani. "Huku bado giza."

Riziki akacheka. "Mwanga ni kama umbea, kaka. Ukivuja njiani, haumfikii mwenyewe." Akauchovya uzi katika plastiki ya aina nyingine, ukavaa koti jembamba. Uzi ukafifia njiani. "Kauharibu," watu wakaguna. Kumbe mwanga umefungwa ndani. Chumbani ukatokea ukungu wa mwanga, wa kutafutia kiatu, si wa kushonea.

Faki, mvivu wa ukoo, akatazama ncha. "Hizi mlizikata kwa meno?" Akazikata upya kwa wembe, akazisugua kwa msasa laini mpaka zikawa kama jicho la samaki mbichi. Jua likadondoka juu ya kofia. Bi Mize akatunga sindano, mara moja tu, uzi ukapita.

Basi ugomvi.

"Bila uzi wangu mngevisha nini, mngesugua nini?" akasema Makame.

"Uzi wako uliwamulikia wapita njia," akajibu Riziki. "Mimi ndiye niliyeufikisha mwanga kwa shangazi."

"Ulimfikishia ukungu," akasema Faki. "Sindano aliiona kwa kazi ya nani? Halafu wewe mwanamke, kofia ya nini?"

"Nitamvika nimpendaye."

"Nani huyo?" tukauliza sote. Wapi! Yake hayavuji.

Bi Mize hakuinua kichwa. "Kofia ni moja na haikatwi. Amueni huko nje, msinizibie mwanga."

Haya, nyie mnaojua ya watu: kofia ya marehemu aondoke nayo nani?