Pipa Lililojaa Pomoni

Mtu mmoja, jina lake Anyosisye, alikuwa na pipa, na ndani ya pipa hilo mlikuwa na samaki wote waliobaki wa kijiji chake.

Ziwa lao lilikuwa dogo, limebanwa na milima. Humo aliishi samaki mwembamba mwenye kichwa bapa kama cha nyoka, ambaye hakupatikana ziwa lingine lolote. Mwaka ule mlima ukaporomoka, tope likajaa ziwani, samaki wakaanza kufa. Watu wakawaopoa wachache waliokuwa hai, wakamkabidhi Anyosisye mpaka maji yatakate, kwa sababu hakuna aliyewapenda kama yeye. Hawa wakifa, basi, wamekwisha duniani.

Alilijaza pipa maji pomoni. Kwao, kumpa mgeni chombo kilichopungua ni kumdharau, hata kata ya maji hujazwa mpaka ukingoni. Kisha akawaza paka. Akawaza mdiria, ndege mla samaki, na wezi, na samaki wenyewe wasije wakaruka nje. Akalifunika pipa kwa bati, maji yakagusa bati, akaweka jiwe juu.

Jua lilipopanda, ndani ya pipa kukaanza kugongwa. Mkewe, Tupokigwe, aliacha kupepeta mchele akasikiliza.

"Baba Ipyana, wanagonga. Funua tuone."

Anyosisye roho ilikuwa juu. Aliona wanataka kutoroka warudi kufia topeni. Hakufunua. Alibeba jiwe la pili, akaliweka juu ya lile la kwanza, akalikumbatia pipa huku jasho likimtoka. Wakagonga sana, akakaza mikono. Alasiri waligonga kwa kuchoka, kisha mmoja mmoja, kisha kukawa kimya. Akamwambia mkewe kwamba wametulia, na siku hiyo akala akashiba.

Maji ya ziwa yalipotakata, watu walikuja na vikapu kuwachukua. Wakaondoa mawe, wakafunua. Samaki wote walikuwa juu kabisa, wamekufa, midomo wazi, imeelekea kwenye bati.

Walikufa maji, samaki hao, ndani ya maji yao. Samaki yule huvuta hewa. Kila baada ya muda hupanda juu, akatoa mdomo, akashuka tena. Wala haikuwa siri. Anyosisye alikuwa amewaona wakifanya hivyo tangu utoto wake, akapenda kuwatazama, ila siku zote alidhani wanacheza. Alikaa chini pembeni ya pipa akalia kama mfiwa, na watu wakaweka vikapu chini wakakaa naye, kwa maana kweli aliwapenda.

Sasa nanyi wenye nyumba, mnaokuja hapa kunisimulia kwa furaha kwamba mke siku hizi habishi, na watoto hawasemi neno, nyumba imetulia: mmefunua mkatazama?