"Yeye" Aliyemezwa na Jumbe Nyumbu

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmeitikia kama mnaokopwa sauti. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, na wala sikuhadithiwa na mtu, nilikuwepo kwa macho yangu haya mawili, nimejibanza nyuma ya kichuguu, Mfalme Simba alikuwa akikata roho. Mbuga nzima kimya. Hata chura alimeza sauti.

Pangoni walikuwa naye watatu. Siwema, binti yake wa pekee. Makucha, mdogo wake mfalme. Na Jumbe Nyumbu, mwenye ndevu zake, bwana wa malisho yote, mkubwa kuliko wote baada ya mfalme. Jumbe huyu alikuwa na heshima moja ambayo swala na punda milia waliionea kijicho: ukoo wake hauliwi. Mfalme mwenyewe alimwapia. Simba akipita, nyumbu anatafuna tu, kwacha kwacha, hata mkia hautikisi.

"Jumbe," mfalme akaita. "Sogeza sikio."

Jumbe akainama.

"Kiti changu nampa yeye."

Pu! Kichwa kikaanguka. Mfalme hayupo.

Yeye! Yeye nani? Lugha yetu tamu, lakini neno hilo halina sharubu wala hereni. Makucha akasema, "Yeye ni mimi." Siwema akasema, "Yeye ni mimi." Wote wawili wakamgeukia Jumbe. Ndiye aliyeinama. Ndiye aliyeona macho ya mfalme yalielekea wapi.

Na aliona. Yalimwelekea Siwema. Aliona kama mnavyoniona mimi hapa.

"Niacheni kwanza nimlilie rafiki yangu," akasema, akatoka. Tifu tifu tifu.

Makucha nyuma yake. "Jumbe, ndugu yangu, ndevu zako zinapendeza leo. Nikikikalia kile kiti, ukoo wako hauliwi. Nisipokikalia..." Akalamba midomo.

"Ni wewe, bwana mkubwa!" Jumbe akadakia. "Macho yalikuwa kwako!"

Hajapumua, Siwema huyo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sikuahidi kitu, wala sikutishi. Nataka neno la baba yangu tu."

Jumbe akaona haya. "Ni wewe, mwanangu. Macho yalikuwa kwako."

Akafika nyumbani. Akalala, akaamka. Akakaa, akasimama. Akageuka, akageuka tena.

"Baba Ndama," mkewe akamwambia, "hebu kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama!"

"Basi nimekaa kwa kusimama!"

"Umewaambia nini wale?"

"Ukweli."

"Yupi kati yao?"

"Wote."

"Wote! Ukweli mmoja umeugawa kama nyama ya harusi?"

Kulipokucha, wanyama wakakutana mtoni. Makucha ng'ambo hii, Siwema ng'ambo ile, Jumbe katikati, maji magotini.

"Jumbe kasema ni mimi!" Makucha akanguruma.

"Mimi pia kaniambia hivyo," Siwema akasema.

Fisi akacheka, kwi kwi kwi. "Jumbe wetu ana macho manne!"

"Sema, Jumbe! Yeye ni nani?"

Jumbe akatazama meno ya Makucha. Akatazama macho ya Siwema. Neno likapanda kooni, likashuka. Likapanda, likashuka.

"Baba mdogo," Siwema akamwita Jumbe, "sema tu. Hata ukisema ni yule, nitaondoka."

"Yeye ni... ni... nyuu! Nyuu!"

Ndilo lililotoka. Nyuu, nyuu, basi.

Vita vikazuka, kukuru kakara! Nyasi zikalala, vumbi likasimama. Hakushinda mtu. Nchi ya mfalme ikapasuka vipande viwili, mto katikati.

Jumbe akakimbilia kwa Makucha. "Bwana mkubwa, kile kiapo?"

"Kiti umenipa? Basi sina kiapo." Kamata! Akala nyumbu wa kwanza.

Jumbe na ukoo wake wakavuka, chubwi chubwi, kwa Siwema. "Mwanangu, baba yako aliniapia!"

Siwema akamtazama sana. "Baba alimwapia rafiki yake," akasema. "Wewe si rafiki yake." Kamata! Naye akala nyumbu wa pili.

Wakarudi mtoni. Humo naye Mamba akawaambia, "Karibuni, na mimi ni mrithi!"

Wakavuka, meno. Wakarudi, meno. Na mpaka leo nyumbu hakai. Mwaka huku, mwaka kule, anakwenda anasema nyuu, nyuu, neno bado limekwama.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: ukweli ukiwa kinywani mwako, uteme mapema. Ukiumeza, utakutembeza.

Hadithi yangu imeishia hapo, anayeitaka aibebe. Yote ni kweli tupu, ila yale maneno ya Mamba nimeyatia mimi. Mamba hakusema kitu. Kinywa kilikuwa kimejaa.