Muhuri wa Kiazi

Paukwa?

Pakawa!

Pakawa mji usio na sarafu.

Kaa kitako, utuambie!

Hapo zamani za kale palikuwa na mji uitwao Kitungwi. Mvua ikanyesha, mto ukafura, daraja likaenda na maji. Sarafu za sultani zikabaki ng'ambo, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Soko likanyamaza.

Watu wakashauriana, wakakata karatasi za mifuko ya sukari. Fundi Mgeni akachonga muhuri wa nyota. Aliuchonga kwa nini, jamani? Kwa mti? Kwa chuma? Kwa kiazi kitamu! Akauchovya katika masizi, akagonga. Kila karatasi ikawa na thamani ya kibaba cha mtama katika ghala la mji. Kisha muhuri akamkabidhi mkewe, Bi Tatu.

"Ulinde, mke wangu. Ukipotea huu, hakuna atakayeamini karatasi."

Jirani yao alikuwa Kidawa, msuka mikeka. Kajifungua juzi, yumo ndani ya arobaini, mumewe kakwama ng'ambo.

"Mwanangu, umekula?" Bi Tatu akamuuliza.

"Nimekula, mama."

Uongo. Mtoto alikuwa analia, maziwa hayatoki. Bi Tatu akarudi kwake mbio. Akatazama chungu, kitupu. Akatazama kapu, tupu. Ghala limefungwa mpaka siku ya soko. Akatazama juu ya rafu, muhuri. Akauosha masizi, akauchemsha, akampelekea Kidawa ungali moto.

Mnacheka? Ngojeni.

Siku ya soko habari zikaenea. Bwana Chande, aliyefukia sarafu zake uvunguni, akapaza sauti: "Muhuri umeliwa! Karatasi zenu sasa za kufungia kashata. Niuzieni mimi, kumi kwa sarafu moja."

Watu wakaanza kuzitoa. Fundi Mgeni akashika kichwa. "Mke wangu, umetumaliza."

"Muhuri utachonga mwingine," akasema Bi Tatu. "Kidawa utamchonga kwa nini?"

Na hapo Kidawa akatokea, arobaini haijaisha, mtoto kifuani. Akasema polepole, "Muhuri nimeula mimi. Basi muhuri ni mimi. Atakayeniletea karatasi yake, nitamsukia mkeka."

Mfinyanzi akasema, "Nami nitampa chungu."

Kinyozi akasema, "Nami nitamnyoa."

Soko likaamka. Bwana Chande akabaki na sarafu zake hadi haya zikamshika. Akaja na karatasi yake mkononi, na Kidawa akamsukia mkeka, tena mzuri.

Daraja likajengwa. Karani wa sultani akaleta sarafu, karatasi zote zikachomwa.

"Na muhuri je?" akauliza karani. "Amri ni kuuharibu. Uko wapi?"

Bi Tatu akamwonyesha Kidawa, aliyeketi mkekani, mwanawe mnono kifuani.

"Ule pale," akasema. "Unanyonya."

Hadithi nimeikunja kama mkeka. Aliyeipenda ailalie, asiyeipenda anirudishie.