Uchakavu wa Jiwe la Yatima

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili ni wa Allah, kwamba katika mji mmoja wa Sham alikuwako mcha Mungu aitwaye Wathiki bin Harithi. Rafiki yake alipofariki alimwachia amana mbili: bintiye Rumaisa, wa miaka sita, na kinu cha kusagia ngano chenye jiwe jipya la dinari ishirini.

Wathiki alikisimamia kinu miaka kumi. Kila mwezi aliandika daftarini kilichoingia na kilichotoka, na kilichobaki akakiita faida. Nusu ilimlisha na kumvisha Rumaisa, nusu ikawa ujira wake, kama alivyoafikiana na marehemu. Hakuna aliyemnyooshea kidole.

Wiki moja kabla ya kumkabidhi binti mali yake, mteja mmoja alilalamikia mchanga ndani ya mkate. Wathiki akalipima jiwe. Lilipokuwa jipya lilikuwa na unene wa shibiri. Sasa limebaki vidole viwili.

Basi raha ikamtoka. Alisimama kuswali adhuhuri akasahau yuko rakaa ya ngapi, akarudia, akasahau tena. Akienda sokoni anapitiliza, akirudi anaipita nyumba yake mwenyewe.

"Bwana, kuna nini?" akauliza mkewe, Bi Lubaba. "Tangu asubuhi unatoka na kuingia."

"Jiwe limekwisha."

"Mawe huisha. Kwani umelila wewe?"

"Nimelila, mke wangu. Kila mwaka lilipungua, nami sikuutoa upungufu ule. Nikaandika faida, nikachukua nusu."

Hapa tulieni, maana nawaona wafanyabiashara mnaotazama saa. Alichokisahau Wathiki, wahasibu wanakiita uchakavu. Chombo kinachokuletea riziki kinaliwa na kazi yake. Jiwe la dinari ishirini likidumu miaka kumi, kila mwaka zimekwenda dinari mbili. Zitoe kwanza, ndipo useme faida. Na wewe unayeendesha gari la marehemu kaka yako, ukiwapelekea wanawe hesabu ya wiki, tairi umezihesabu? Haya, tuendelee.

Bi Lubaba akasema, "Rumaisa hajui mawe. Kinu kitasaga miezi kadhaa zaidi. Mkabidhi, upumzike."

"Nitapumzikia wapi, Bi Lubaba?"

Siku mbili alizunguka mji. Nafsi ikimwambia: wewe hukuiba. Na kweli hakuiba, wala hilo halikumtuliza, kwani mtoto wa watu angepokea kinu kinachokufa akidhani kizima. Siku ya tatu akauza shamba lake dogo la mizeituni. Akapata dinari saba, naye fungu lake katika lile jiwe lilikuwa kumi. Bi Lubaba akavua bangili zake.

"Chukua. Mkate wa jiwe lile nami niliula."

Wathiki akamwendea Rumaisa, akaweka dinari kumi mbele yake, akamweleza yote bila kujitetea.

"Hizi ndizo nilizokula mimi. Kumi nyingine ulilishwa wewe, nami sikukwambia kwamba unakula jiwe lako. Nisamehe, binti yangu. Kinu nilichokusifia miaka yote hii si kizima."

Rumaisa alikuwa amekitegemea kinu kile kwa maisha yake yote, na uchungu ulimwonekana usoni.

"Ami," akasema, "kwa dinari kumi tutapata jiwe dogo. Nani atanisimamia?"

"Tafuta mtu mwaminifu."

"Miaka kumi hakuna aliyekudai, Ami. Leo umejidai mwenyewe. Nimtafute nani mwingine?"

Wathiki akalia.

Ndugu zangu, kila siku tunamwomba Mola atupe utulivu wa moyo, na ni dua njema. Lakini utulivu juu ya haki ya mtu ni msiba. Allah atunyime raha mpaka tuirudishe haki hiyo.