Radhi ya Kinywa Kimoja

Hadithi hii haina mwisho. Mwisho wake mnao ninyi. Tegeni sikio.

Katika kiwanda kimoja cha mkonge walikuwapo wakubwa watatu, kila mmoja na kipawa chake. Meneja Semkiwa alijaliwa ulimi: akisema, hata aliyekata tamaa hunyanyuka. Msimamizi Kihiyo alijaliwa jicho: akisimama mlangoni, humwona mvivu aliye mwisho wa safu. Na Hidaya, afisa wa wafanyakazi, alijaliwa sikio: watu walimweleza yale ambayo hata mama zao hawakuyajua.

Wakaanzisha mpango. Kila mashine ikawekewa kitambaa chekundu. Mfanyakazi akiona hatari, akitundike juu, mashine izimwe, asiulizwe neno. Ngoma zikapigwa, pilau ikaliwa.

Semkiwa alihutubia hata watu wakatokwa na machozi. Kisha akarudi ofisini kutunga hotuba ya mpango mwingine, na sakafu ya kiwanda haikumwona tena.

Kihiyo hakumkataza mtu. Ila kila kitambaa kilipopanda, alicheka. "Nani kachoka leo? Mtandikieni mkeka." Wengine wakacheka naye. Taratibu vitambaa vikaacha kupanda, maana mtu huona heri hatari kuliko kuchekwa.

Hidaya yeye alisikiliza. Wafanyakazi wakamwambia kwamba meneja haonekani, wakamwambia kicheko kinawachoma, naye akawajibu kwa upole kwamba amewasikia. Lakini meneja hakupenda habari mbaya, na Hidaya hakupenda kununiwa. Maneno yakaingia sikioni, yakalala humo humo.

Asubuhi moja Nyange, msafisha singa, zile nyuzi za mkonge, alimwambia Hidaya kwamba kinga ya mashine yake imelegea.

"Nimekusikia, mdogo wangu," Hidaya akasema, akapita.

Baada ya chai Nyange alishika kitambaa, akamtazama Kihiyo pale mlangoni, akakirudisha. Mashine ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono anaosukia ukili wa mikeka.

Kwao Nyange, radhi haiombwi kwa ujumbe wala kwa kundi. Mjomba wake alituma neno: aje mmoja, mwenye kosa, apige goti. Akija asiye yeye, mlango utafungwa na radhi haitakuwapo tena. Nao wafanyakazi wakaapa kwamba mlango huo ukifungwa, hawataamini mpango wowote wa kiwanda kile.

Walifika wote watatu, wakasimama nje ya mlango wa kina Nyange.

"Ni mimi," akasema Semkiwa, na safari hii ulimi wake haukuwa na mapambo. "Nilizaa mpango, nikautupa."

"Kitambaa alikuwa nacho mkononi," akasema Kihiyo. "Aliyemfanya akirudishe ni mimi."

Akabaki Hidaya. Moyoni alikuwa akiomba mmoja wao atangulie. Alipojikuta anaomba hivyo, haya ikampanda mpaka masikioni.

"Aliniambia mimi," akasema mwishowe, akitazama mchanga. "Ninyi hamkujua. Mimi nilijua."

Ndani, Nyange alikuwa akiwasikia. "Tulisema mmoja," akasema. "Mjomba ameshakaa. Nani anavua viatu?"

Hakuna aliyeinama, maana kila mmoja alihofia asije akawa siye, mlango ukafungwa.

Nami nimewafikisha hapo. Mbele zaidi sijui njia. Yuko aliyeuacha mpango, yuko aliyeufanyia mzaha, yuko aliyejua unakufa akanyamaza. Mlango ni mmoja na goti ni moja. Ninyi mlioketi hapa, mngemwambia nani avue viatu aingie?